Nionyeshe Atakapolala

Fuatino alipata kazi kwa sababu hakuwaogopa mbwa. Anayasema hayo mwenyewe, kikombe cha kakao mkononi, na ukimcheka anacheka na wewe. Zamani alikuwa mpiga chapa pale mahakamani mjini Apia, mjane kijana mwenye binti mmoja, siku ofisi ya probesheni ilipokuwa inatafuta mtu wa kuzunguka vijijini. Wanaume wawili walikuwa wameshaacha kazi hiyo kwa ajili ya mbwa, na ninyi mliowahi kuingia vijiji vya kisiwa cha Upolu kwa miguu hamtawacheka wanaume hao. Fuatino akaja na mkoba wake wa ukili, ndani kopo la nyama la kumpa mwenye nyumba na mawe ya kuwapa mbwa. Hajatoka ofisini hapo mpaka leo, na nywele zimeshakuwa mvi.

Kazi yenyewe ukiitaja ni fupi: kusema kama mtu aliyekosa atakosa tena. Mfungwa anaomba kutoka kabla kifungo hakijaisha, Bodi ya Parole inakaa, na kabla hawajamwita wanataka Fuatino awaambie, huyu akirudi kwao, atarudia? Ofisi ilikuwa na kipimo kilichotoka New Zealand, maswali ya kujibiwa kwa alama. Alianza kukosa akiwa na umri gani? Anakunywa? Ana kazi? Ana mahali pa kudumu pa kukaa? Ndugu zake wanamtaka? Alama zikiwa chache hatari ni ndogo, zikiwa nyingi hatari ni kubwa.

Fuatino alikiheshimu kipimo kile. Macho ya binadamu hudanganywa na sura njema na sauti nzuri ya kwaya, kipimo hakijali kwaya. Lakini alishaumbuka nacho. Kuna kijana alimwandikia hatari ndogo, kijana akaenda kuiba jenereta ya kanisa hata viatu vya kutokea gerezani havijachakaa. Na kuna jitu moja kijiji kizima kililiogopa, alama zake za kutisha, sasa ni dereva wa basi, na likimwona Fuatino barabarani linapiga honi mpaka abiria wanaziba masikio.

"Mama Mtabiri," wenzake ofisini walimtania, "tutabirie na mvua basi, tumeanika nguo."

"Mvua haina mama mkwe," aliwajibu. "Mtu anaye. Nitaanzia wapi kwa mvua?"

Na alikuwa na njia yake. Akifika kwa watu hakuuliza habari za mfungwa, maana ukimuuliza mama habari za mwanawe utapewa malaika. Aliketi, akakunja miguu na kujifunika magoti kama inavyotakiwa, akala alichopewa, akamsifu mpishi. Kisha akasema, "Haya, nionyesheni atakapolala." Wakainuka wote kumwonyesha. Na katika kuonyesha, nani anatangulia, nani anabaki nyuma, nani ananyamaza, Fuatino alikuwa anasoma.

Sasa niwaambie ya Panapa.

Panapa wa Fagaloto, pwani ya kusini, alimkata mkewe kwa panga. Mke anaitwa Lagimaina. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa kakao, akamuuliza mkewe kwa nini amecheka na muuza samaki, na mke kabla hajajibu panga likawa limeshatua mkononi. Angeendelea. Kilichomzuia ni mama yake mzazi, Bibi Saufoi, aliyekuwa ameketi nyumba ya pili, hatua chache tu. Nyumba zao zilikuwa fale, yaani paa na nguzo, hakuna ukuta, upepo unapita na macho yanapita. Bibi akaona, akanyanyua birika la kakao ya moto, akamrushia mwanawe mgongoni. Panga likaanguka. Vidole viwili vya Lagimaina havikunjiki tena.

Panapa akachukuliwa na polisi. Kesho yake alfajiri, baba yake, Mzee Seulupe, mkuu wa ukoo, akaenda na ndugu zake mpaka Vaiolemu, kijiji cha kina Lagimaina. Wakakaa chini mbele ya nyumba ya baba yake, wamebeba mawe na kuni kama watu waliojileta wenyewe kupikwa, na Mzee Seulupe amejifunika mkeka wa heshima, ule mwembamba kama hariri ambao wanawake hufuma kwa miaka. Wakakaa kimya juani. Ndugu za Lagimaina walizunguka na mapanga yao, na yeyote angeweza kufanya lolote. Hatimaye baba yake Lagimaina akatoka, akauinua ule mkeka. Basi, ikawa imekwisha. Mkeka ukishainuliwa, jambo lile halitajwi tena, na anayelitaja anatozwa nguruwe na kijiji.

Na Lagimaina, mkono wake ukiwa bado kwenye bandeji, alirudishwa Fagaloto na watoto wake kwenda kuwatumikia wakwe, kwa sababu kukaa kwao kungekuwa kumwambia baba yake kwamba mkono wake ulioinua mkeka ulidanganya.

Panapa alipotimiza nusu ya kifungo akaomba kutoka. Fuatino akaenda gerezani kumwona.

Akamkuta bustanini, anapalilia magimbi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini iliyotulia. Askari walimpenda. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya gereza, hanywi, hagombani.

"Karibu mama. Jua kali, kaa hapa kivulini," akamwambia, akapangusa benchi kwa mkono.

"Ahsante mwanangu. Niambie ya siku ile."

Panapa akatabasamu kwa adabu. "Lile limekwisha, mama. Mzee wangu alijifunika mkeka. Wakwe zangu waliuinua."

"Najua. Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mahabusu."

"Kwa hiyo mkeka ulimfunika mzee wako. Wewe ulikufunika nini?"

Tabasamu likabaki mdomoni, ila machoni likaondoka. "Mama, hayo ni mambo ya kijiji. Kama unataka nikwambie nimekosa, nimekosa. Nimeshamwambia mchungaji, nimeshamwambia mwalimu wa semina ya hapa gerezani. Niseme mara ngapi?"

"Lagimaina umemwambia?"

"Atanisikia nikifika nyumbani." Kisha uso ukamchanua kweli kweli. "Kaka zangu walioko Auckland, kule New Zealand, wamenijengea nyumba. Umeshaiona? Ya matofali. Hata waziri hana."

Fuatino akarudi ofisini akajaza kipimo. Hanywi. Kosa la kwanza. Kazi ipo, shamba la baba. Ndugu wanamtaka wote. Mahali pa kudumu pa kukaa: nyumba mpya. Alama zikatoka chache kuliko za watu wengi aliowahi kuwaunga mkono watoke. Mkubwa wake akapita, akachungulia.

"Huyo mwepesi, Fuatino. Mwandikie tu, bodi inakaa wiki ijayo."

"Sijaenda kuona atakapolala."

"Ana nyumba ya matofali!"

"Ndiyo, nimesikia," akasema, akachukua mkoba wake.

Alifika Fagaloto alasiri ya Jumamosi, mbwa wawili wakamkimbilia, akawapa chao, wakarudi. Mzee Seulupe alimpokea kwenye fale kubwa, kifua wazi, kikoi kimefungwa vizuri. Maneno ya kukaribishana yakaenda na kurudi kama inavyotakiwa. Kopo la nyama likapokewa. Shelisheli na majani ya magimbi ya tui yakaletwa, na aliyeyaleta ni Lagimaina, akitembea ameinama mbele ya wakubwa, kisha akaketi nyuma karibu na nguzo akimpepea mgeni nzi. Fuatino akaviona vile vidole viwili vimesimama pembeni ya upepeo, havimo katika kazi.

Bibi Saufoi alikuwa upande wa pili, jicho moja lina mtoto wa jicho, la pili linang'aa kama la kuku.

"Kula, afisa," akasema bibi. "Wembamba huo unawatia aibu walipa kodi."

"Ninakula bibi. Nani kapika?"

"Mimi nimeamuru. Huyu mkwe wangu kapika. Kuamuru ni kazi ngumu kuliko kupika."

Watu wakacheka. Lagimaina naye akacheka, ila alianza baada ya wengine na akaacha kabla yao.

Fuatino akanawa mikono. "Haya wazee wangu. Nionyesheni atakapolala."

Ah, waliungoja mwaliko huo! Mzee Seulupe akatangulia mwenyewe, jambo ambalo wakuu wa ukoo hawafanyi. Nyumba ilikuwa nyuma, mbali na zile fale, karibu na minazi. Ya matofali, rangi ya bluu, bati jipya linaumiza macho, madirisha ya vioo na mapazia mazito ya maua kutoka Auckland. Mzee akaonyesha msingi, akagonga ukuta kwa ngumi uone ulivyo imara. Akaeleza bei ya saruji. Kisha akaitwa na mtu aliyekuja kwa habari za kuvua Jumatatu, akasema, "Lagimaina, mwonyeshe afisa ndani," akaondoka. Bibi Saufoi alikuwa bado yuko njiani na fimbo yake, anawatukana kuku.

Wakaingia wawili. Sebule, chumba, kitanda bado kimo kwenye nailoni. Ndipo Lagimaina akafanya jambo dogo. Akageuka, akaufunga mlango, akasukuma komeo. Lilikuwa komeo kubwa la chuma, likaingia mahali pake kwa mlio.

Na dunia ikanyamaza. Watoto waliokuwa wanapiga kelele ufukweni, hawapo. Kuku, hawapo. Redio ya jirani iliyokuwa inaimba nyimbo za injili tangu Fuatino afike, haipo. Joto likasimama, harufu ya rangi ikajaa puani. Fuatino akajikuta anasikia pumzi za yule mwanamke, fupi fupi, kama za mtu aliyetoka kukimbia.

"Nyumba nzuri sana, dada," Lagimaina akasema taratibu. Alikuwa anautazama mlango. "Hata redio haisikiki. Mtu wa nje hasikii cha ndani, wa ndani hasikii cha nje. Wamejenga vizuri mno."

Fuatino akataka kumshika mkono. Akataka kumwuliza lile swali lenyewe, unaogopa? Ulimi ukafika mpaka kwenye meno akaurudisha. Kwa sababu akiulizwa atalazimika kujibu. Akisema ndiyo, ameutaja mkeka, na nguruwe watakaotozwa watatoka kwa baba yake na aibu itakuwa yake maisha yote. Akisema hapana, Fuatino atatakiwa kuandika hapana.

"Nimeiona," Fuatino akasema. "Nimeiona vizuri, mdogo wangu."

Fimbo ikagonga mlango. "Mnafanyana nini humo? Fungueni!" sauti ya Bibi Saufoi, kwa mbali, kama inatoka ndani ya mtungi. Lagimaina akavuta komeo. Vidole viwili vikakataa, akatumia mkono mwingine. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na lile jicho lake zima likamwangalia mkwe, likamwangalia afisa, likaangalia komeo. Hakusema kitu. Na Bibi Saufoi kutosema kitu ni habari.

Fuatino alitaka kuondoka, lakini kombe la baharini likapulizwa kama baragumu. Saa ya sala ya jioni, vijana wa zamu wameshasimama barabarani, hakuna kutoka wala kuingia. Akarudi kwenye fale kubwa akaketi na familia. Wakaimba. Mzee Seulupe akaomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa nyumba, akamwombea mwanawe arudi salama, akamwombea na afisa apewe hekima. Fuatino akasema amina. Alikuwa anajua akinyamaza mpaka kombe la pili, la kufungua njia, atakuwa amenyamaza moja kwa moja, na hapo juu, kwenye nguzo, limening'inia birika kuukuu, ubavu mmoja umebonyea.

"Mzee wangu," akaanza, "nina ombi. Mwanao akitoka, alale hapa. Kwenye fale hii, karibu na wewe na mama yake. Mpaka kifungo chake kilichobaki kiishe. Nyumba ile ingoje."

Upepeo wa Lagimaina ukasimama.

"Sijakusikia, binti yangu," Mzee Seulupe akasema polepole.

Fuatino akarudia, maneno yale yale.

"Wanangu wamefanya kazi kiwandani, baridi inawauma, wamejenga. Leo unataka mwenye nyumba alale sebuleni kwa baba yake kama mgeni wa msiba?" Sauti haikupanda, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Mkeka uliinuliwa. Mimi nilikaa chini yake. Mimi! Wewe unataka kuukunjua tena?"

"Siukunjui, baba."

"Basi nani kakutia maneno haya?" Akageuza shingo taratibu mpaka macho yakafika kwenye nguzo ya nyuma. "Yeye?"

Lagimaina ameinamisha kichwa, upepeo kwenye mapaja. Barabarani kijana wa zamu akakohoa, ukasikia kana kwamba kakohoa ndani ya fale.

"Lile birika ndilo lililoniambia," Fuatino akasema, akalionyesha kwa kiganja kilichofunguka, si kwa kidole. "Siku ile, mzee wangu, mahakama haikuwepo, polisi hawakuwepo, mchungaji hakuwepo. Alikuwepo mama yake, na hapakuwa na ukuta. Nimejaza karatasi zangu zote, mwanao ametoka na alama nzuri. Lakini karatasi inaniuliza kama ana nyumba. Hainiulizi kama nyumba ina kuta. Ile ya bluu, bibi angerusha birika, lingepiga tofali."

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika hivyo, kwa jina langu. Hakuna mwingine aliyesema."

"Andika," akasema mzee. "Na mimi nitakuja huko huko Apia niwaambie wewe ni nani."

Kombe la pili likalia. Fuatino akaaga, hakuna aliyemsindikiza. Hata mbwa walimwacha apite.

Siku ya bodi alivaa nguo yake ya kanisani. Hakuwa amelala vizuri. Alikuwa anajua kinachoweza kutokea. Bodi ikilikataa lile ombi lake la fale, Panapa angetoka na kwenda moja kwa moja nyuma ya lile komeo, na hasira mpya juu ya ile ya zamani, na Lagimaina ndiye angeilipia. Njiani alijiuliza mara nyingi kama si bora angemwandikia tu atoke, bila masharti.

Walikuwa watatu mezani: jaji mstaafu mwenye miwani mizito, mchungaji mmoja, na mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu. Familia ilikaa nyuma, Mzee Seulupe kanyooka kama nguzo, bibi na fimbo yake. Lagimaina hakuletwa, watoto walikuwa na mafua, walisema. Panapa akaingizwa, shati jeupe, akawainamia wakubwa wote.

"Afisa," jaji akasema, "nimesoma. Kipimo chako kinasema hatari ndogo. Makazi, umeandika mazuri. Halafu unaomba asikae kwenye makazi hayo. Nisaidie."

Fuatino akasaidia. Akaeleza fale na birika, akaeleza ukuta. Hakumtaja Lagimaina hata mara moja, na kila sentensi ilibidi aikanyage kwa uangalifu kama mtu anayevuka mwambani peku.

"Lakini vijana wengi siku hizi wanajenga za matofali," mwalimu mkuu akasema. "Tuwazuie wote?"

"Hapana, mama. Ni huyu, kwa kosa hili, kwa muda huu. Alipokosa, alizuiwa na jicho la mtu. Kitu kingine cha kumzuia mimi bado sijakiona, nimemtafutia."

Mchungaji akamgeukia Panapa kwa upole. "Mwanangu, ungekubali? Ni muda tu. Ukalala kwa wazee."

"Nitakubali lolote, baba mchungaji," Panapa akasema, ile sauti yake ya besi. "Ila sielewi. Nimefanya kila mlichosema. Semina nimemaliza."

"Hiyo tumeona. Ungekubali?"

"Nyumba ni yangu."

"Itabaki yako."

"Nyumba ni yangu! Mlango ni wangu!" Na mkono ukatua mezani, wazi, kwa kishindo kilichoruka ukutani. Glasi ya maji ya jaji ikatikisika. "Mke wangu mimi, nilale naye barazani, watu wote wananitazama? Nani kawaambia haya, ni yeye? Ni yeye kasema?"

Askari akasogea hatua moja. Panapa akautazama mkono wake kama si wake, akauondoa mezani, akaanza kuomba radhi, besi imerudi, samahani sana wazee wangu, samahani. Lakini mlio ulikuwa umeshasikika. Fuatino akajikuta ameufinya mkoba wake mpaka ukili umemchora viganja. Maneno yale yale. Baba yake aliuliza hivyo hivyo kwenye fale, ni yeye?

Ndipo fimbo ikagonga sakafu, nyuma.

"Bibi, hujaitwa," karani akasema.

"Nikingoja kuitwa nitafia hapa," Bibi Saufoi akasema, anainuka kidogo kidogo. "Mimi ndiye niliyerusha birika. Niliunguza mgongo niliouogesha mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama ningependa kurusha tena, na mimi nawaambia siwezi, mkono umezeeka. Nikiwa karibu nitapiga kelele tu. Sasa ile nyumba, nilisimama mlangoni, nikaita, na walio ndani hawakunisikia mpaka nikagonga." Akamgeukia mumewe. "Na wewe unanikodolea nini? Ulikaa chini ya mkeka kwa ajili yake. Ukamwinamishia baba wa watu uso wako. Unataka kukaa tena? Goti hilo litakubali?"

Mzee Seulupe aliinamisha macho. Watu walimwona akiangalia goti lake.

Bodi ikatoka, ikarudi. Panapa hakuachiwa siku ile. Wakasema arudi mezani kwao baada ya miezi sita, akiwa amekaa na mtu wa kumsaidia kwa hasira zile, na atakapotoka, atalala kwenye fale ya wazazi wake mpaka siku ya mwisho ya kifungo, na afisa atakwenda kuangalia bila kutoa taarifa. Alipokuwa anatolewa alimtazama Fuatino. Nisiwadanganye, yalikuwa macho ambayo yule mama aliyabeba mpaka nyumbani, na kwa majuma kadhaa aliwaona mbwa ni marafiki.

Alitoka mwaka uliofuata, msimu wa mvua. Fuatino akangoja kidogo, kisha akaenda jioni moja bila kumwambia mtu, akafika kombe likikaribia.

Kitu cha kwanza alichokiona ni mlango wa ile nyumba ya bluu. Ulikuwa uani, umelazwa juu ya mawe, umetandazwa mbegu za kakao zinazoanikwa. Komeo bado liko pale pale limeanza kushika kutu. Nyumba yenyewe ilikuwa wazi mbele kama mdomo, na ndani wanawake wa kamati ya kijiji wameketi na mikeka yao wanafuma, wanasengenya kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni.

"Umeona meza yangu?" Bibi Saufoi akamwuliza. "Kakao inakauka vizuri juu ya rangi ya Auckland."

Panapa alikuwa kwenye fale, anakuna nazi, mgongo umegeukia barabara. Alisalimia kwa maneno yanayotakiwa na si zaidi. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyemwambia Fuatino kwamba amebadilika, na yeye hakuuliza, maana bado hakujua, na mpaka leo ukimuuliza anakwambia hajui. Mzee Seulupe akamkaribisha kakao bila kumwangalia usoni, lakini alimkaribisha.

Aliyeileta ni Lagimaina. Alipoinama kuweka kikombe, uso wake ukafika karibu na sikio la mgeni, na kazi ya kukuna nazi ilikuwa inapiga kelele.

"Unalala?" Fuatino akauliza, midomo haikufunguka sana.

"Nalala, dada," Lagimaina akasema. "Bibi anakoroma mpaka basi, ananiamsha mimi na jirani. Lakini nalala."